Kilo Tisini na Moja

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini karatasi hii itakukuta umetoka kazini, umenawa saruji mikononi, na umekaa mahali penye mwanga, maana macho yako nayajua. Sisi huku ni wazima. Mimi bado niko palepale kwenye pasi ya mvuke, nikinyoosha mashuka ya hoteli ambayo sitayalalia kamwe. Shemeji yako anakusalimu sana. Amezidi kunenepa, na ukimsema anadai ni wewe uliyemwambukiza. Wifi hajambo? Watoto je? Mwambie wifi mapazia niliyomwahidi yako tayari, natafuta tu mtu wa kumpa ayalete.

Barua yako niliipata Jumanne na nimeisoma mara tatu. Unasema mwenyekiti wa klabu ya ngumi ya huko alikufuata mpaka getini kwenye ghala, akakuomba uwafundishe mabondia wake wa uzito wa juu. Unasema ulimkatalia, naye akakataa kukataliwa, akakupa mpaka mwisho wa mwezi ufikirie. Halafu ukaandika, kwa ule mwandiko wako wa kukandamiza kalamu, kwamba mtu aliyeishiwa pumzi raundi ya nne hana pumzi ya kumfundisha mwenzake, na kwamba kubeba mifuko ya saruji kunakutosha. Nilipofika hapo nilikasirika, kisha nikaona mimi ndiye mtu wa mwisho mwenye haki ya kukasirika. Vumilia usome mpaka chini, utaelewa.

Kwanza kuna habari ya msiba. Mwalimu wako wa ngumi ametutoka, leo ni wiki ya tatu. Alikuwa ameshakula chumvi nyingi na kifua kilimchosha, kwa hiyo hatukushtuka, ila tumehuzunika. Tulimzika Alhamisi mchana. Wengi waliokuja ni wanafunzi wake wa zamani, watu wafupi wakavu, wengine sasa wana vitambi. Wewe ungesimama pale ungewazibia jua wote. Maisha yake yote alifundisha vijana wepesi, na yeye mwenyewe alipigana uzito wa unyoya. Wa uzito wa juu aliyeingia kwenye ile stoo yake ya mazoezi ni wewe peke yako.

Nilikwenda kumwona siku chache kabla hajafa, na alikuulizia wewe kabla ya kuniuliza mimi habari zangu. Akasema watu wakitaka kujua nani alikuwa bora kuliko wote aliowafundisha, huwa anajibu Kabati, jina lako la ulingoni, bila hata kufikiri, na kwamba ngumi ya kushoto kama ile hakuiona tena kwa mtu wa uzito wowote. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia, yeye alikosea wapi. Nikamrekebishia mto, nikamwambia hakukosea popote, nikaaga.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikizirudia zile wiki tatu za mwisho. Wewe unazikumbuka kwa mwili wako, mimi nazikumbuka kwa macho. Ulikuwa umepigana mara kumi na nne na kuwaangusha kumi na wawili, na watu waliokuwa wakikuita tu uwahamishie makabati wakaanza kulipa kiingilio wakuone. Likaja pambano la kuchagua mtu wa uzito wa juu, Mwalimu akatangaza kwamba lazima ushuke mpaka kilo tisini na moja. Mizani ya stoo ilikuwa ya watoto watoto, mshale ukigota mwisho ukikanyaga tu, basi mkaenda kwa wauza nafaka, ukaning'inia kwa mikono kwenye ndoano ya kupimia magunia. Tisini na tisa na nusu. Wapagazi walicheka mpaka wakakaa chini, na wewe ukacheka nao.

Hukucheka tena baada ya hapo. Ulikimbia umevikwa mifuko ya plastiki mchana wa jua kali. Ulitafuna kipande cha mpira na kutema mate kwenye kopo ili upungue. Nyama zikaisha kwenye sahani yako, kisha mkate, kisha chumvi. Maji yakawa kikombe kimoja asubuhi na kimoja jioni, na mpimaji alikuwa mimi. Siku mbili za mwisho hata vikombe hivyo vilikatwa, nikawa nakupaka midomo kitambaa kibichi. Mwalimu hakuwa katili, Kaka. Ndivyo alivyowafanyia wote, na ndivyo alivyofanyiwa yeye. Kwa vijana wake namba ya kilo sikuzote ilikuwa dari, na kazi ya mwalimu ni kumkunja mtu apite chini yake.

Asubuhi ya kupimwa ulisoma tisini na moja na nusu. Yule ofisa aliandika tu, wala hakuinua kichwa. Mwalimu akakushika mkono akakutoa nje haraka, akifurahi kwamba wametuhurumia nusu kilo, kabla mpinzani wako hajapanda. Mimi nilibaki kukunja nguo zako. Mpinzani alisoma kilo mia moja na saba, ofisa akaandika vilevile, wala hapakuwa na mtu aliyeguna.

Kilichofuata ulingoni hukijui kuliko sisi tuliokuwa chini. Raundi ya pili ulimwangusha, na nilidhani yamekwisha. Ya tatu miguu yako ikaanza kuburuza. Ya nne ukakaa chini, na mpaka leo hakuna anayeikumbuka ngumi iliyokukalisha. Mtu mmoja viti vya nyuma akapiga kelele kwamba kabati lenyewe tupu, ukumbi mzima ukaangua kicheko, na jina hilo likakufuata mpaka nyumbani. Mwalimu alisema ni pumzi. Wewe ukasema ni moyo, kwamba huna moyo wa ngumi. Miezi sita baadaye ukafunga begi.

Sasa nipige moyo konde nikuambie. Barua ya chama cha ngumi, ile iliyoleta habari za pambano, niliisoma mimi, kwa kuwa Mwalimu macho yalikuwa hayamsaidii. Aliniuliza ni kilo ngapi. Nikamjibu tisini na moja, naye hapohapo akageuka kutafuta chaki aandike mlangoni. Sentensi ilikuwa haijaisha. Iliandikwa kwamba uzito wa juu ni kuanzia kilo tisini na moja na kuendelea. Namba ile haikuwa dari, ilikuwa sakafu. Ungeingia na kilo zako zote tisini na tisa, umekula na umekunywa, na asingekugusa mtu.

Dakika ile nilinyamaza kwa kuogopa kumsahihisha mkubwa. Lakini zilikuja siku ishirini na moja baada yake, na siku hizo sikunyamaza kwa woga. Nilikuwa nimesoma mpaka chini. Iliandikwa kwamba mshindi atapelekwa ng'ambo kwa miaka minne. Mama alikuwa ameshapooza, na ni wewe uliyekuwa ukimwinua mara nne kwa siku kama anayebeba mtoto. Mimi nilijaribu mara moja tukaanguka wote wawili. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuonea wivu, na niliogopa kuachwa. Basi nikaendelea kupima maji.

Ukaondoka hata hivyo, kwa aibu badala ya ushindi, na Mama nikamwinua peke yangu miaka saba. Sikuandikii hili unihurumie. Nakuandikia ujue kwamba pumzi ulikuwa nayo na moyo ulikuwa nao. Ulichokosa ni maji, na mwenye kikombe alikuwa mimi. Mwalimu amekwenda kaburini akijilaumu, na hilo siwezi tena kulirekebisha. La kwako bado.

Sitakuomba msamaha kwa kalamu. Huo nitaufuata huko mwenyewe, uniambie machoni utakachoniambia. Ninachokuomba leo ni utaratibu tu. Nenda kwanza kwa mwenyekiti ukamwambie umekubali, kisha urudi nyumbani unikasirikie kadiri unavyotaka. Ukianza na mimi, mwezi utaisha.

Nisalimie wifi na watoto, kila mmoja kwa jina lake, na jirani yako yule anayeniulizia. Shemeji yako anasema usijibu kwa ufupi.

Ni mimi,
mdogo wako.