Jina la Mshika Plau

Mwezi wa tatu wa mafuriko, siku ya 6

Mwanangu Ipi,

Hujambo, na watoto hawajambo? Mimi miguu imevimba tena, lakini akili ninazo. Kinachonitesa ni fundi seremala. Jana aliniletea sanamu zangu za kaburini, zile ndogo za kunitumikia nikishakufa. Wapika pombe wazuri, wasaga unga wazuri, mashua safi. Lakini ghala halina mlango! Nikamuuliza nafaka itatokaje, akaniambia, "Mzee, kule vitu hutoka vyenyewe." Yaani nife, halafu nife njaa? Nimemrudishia akatoboe.

Ng'ombe wa kulimia wametoka vizuri. Kaka yako Khui nimemwandika kwa karani wa ghalani, ameketi na kalamu yake. Wewe nimeliandika jina lako kwa mshika plau, ili kule nisiwe na wasiwasi na shamba. Wino umeshakauka.

Baba yako,
Senbi

Mwezi huohuo, siku ya 15

Shikamoo baba,

Huku hatujambo, maji yamefika ukutani kwa jirani. Pole na miguu.

Baba, umefanya nini? Jina likishaandikwa kwenye sanamu, mwenye jina ndiye mfanyakazi, na kule hakuna kustaafu! Miaka ishirini na miwili nakulimia, mgongo umepinda, mke wangu ananiita mundu. Nilitegemea nikifa niketi na mimi, niletewe mkate. Kumbe kaka kalamu, mimi matope, milele na milele? Umeniudhi, na sifichi. Likwaruze jina hilo. Andika la mtu yeyote, au usiandike kabisa.

Mwanao,
Ipi

Mwezi wa kwanza wa kupanda, siku ya 2

Ipi,

Hujambo? Mimi najikongoja. Sasa hata mkono unatetemeka, utaona mwandiko.

Eti mtu yeyote! Nimwandike nani? Khui? Ataua ng'ombe kabla jua halijapanda. Miaka arobaini nimezunguka bonde hili nikipima mashamba ya watu, na sijaona aliyelima akanyoosha kama wewe. Sikukuambia kwa sababu ungevimba kichwa. Unadhani nakuadhibu? Mbishi mkubwa wewe! Acha kuniandikia, njoo tuongee.

Baba yako,
Senbi

Mwezi wa pili wa mavuno, siku ya 20
Imeandikwa ndani ya bakuli la mkate, kaburini kwa Senbi

Shikamoo baba,

Natumaini huko hujambo, na mkate huu utakufaa. Barua yako sikuijibu. Kwanza nilikuwa na hasira, halafu kupanda kukanishika, halafu akaja mtu kuniambia umefariki. Najuta, baba. Najuta sana.

Leo nimeingia kuzitazama sanamu kabla mlango haujazibwa. Kwa mshika plau, jina langu limekwaruzwa. Mahali pake, kwa ule mwandiko wa kutetemeka, umeandika "Senbi".

Wewe? Baba, wewe na plau wapi na wapi! Maisha yako yote ulishika kalamu. Ng'ombe watakuburuta mpaka mtoni, na mbegu zote utazimwaga mahali pamoja. Ulishindwa nini kupaacha patupu? Mtu gani huyu, jamani!

Nimeomba wino. Nimeliandika langu kando ya lako. Msimu mmoja tu, baba, mpaka mkono uzoee.

Mwanao,
Ipi