Kurasa Zisizokatwa

Paris, tarehe 3 Mei

Baba mdogo Gaspard,

Maua yako nimeyamwagilia, na paka anakula vizuri kuliko mimi. Oga maji yako ya moto huko Vichy, usiwe na wasiwasi.

Nimevifuta vumbi vitabu vyako vya toleo la kwanza, nikaona kinyaa. Riwaya mia tatu, na kurasa bado zimeshikana kama zilivyotoka kuchapwa! Hakuna hata moja iliyopitishwa kisu ili isomwe. Wageni unawapigia kelele, "Usiguse bwana! Kikikatwa tu, kimekwisha thamani!"

Nimeiona na riwaya aliyoiandika marehemu baba, nakala aliyokutumia mwenyewe. Nayo hukuikata. Ndani ya mkunjo wa kurasa alipenyeza barua, akiamini mdogo wake lazima atasoma: "Gaspard, naumwa. Tutagombana baadaye. Njoo kabla ya Pasaka."

Alikaa dirishani mpaka Pasaka ikapita, na mimi namwambia, "Atakuja tu, baba."

Nimeikata yote kwa kisu chako cha jibini, na harufu imebaki. Sasa imekwisha, kama usemavyo. Unaweza kuisoma.

Odile