Nilimwambia Njia Hupitika Mwaka Mzima

Mpendwa Shangazi Menna,

Naomba unisaidie, kwa sababu mimi ndiye niliyewanyima watoto wa kijiji chetu, Cwm Helyg, basi la shule, na sijamwambia mtu yeyote, hata mama.

Nina miaka kumi na minane, nilimaliza shule Juni, na sasa nauza kwenye duka la kijiji siku tatu kwa wiki. Kwa miaka saba nilipanda basi la halmashauri, maana kwa barabara kutoka kwetu hadi sekondari ni maili tatu na nusu, na anayekaa maili tatu au zaidi hupewa usafiri bure. Mwezi wa nane nilikuwa natembeza mbwa nikamkuta mwanamume anasukuma kigurudumu chenye mpini mrefu, nikadhani ni mmoja wa wale watalii wanaopenda kupima matembezi yao, na wewe unajua kwetu mgeni akiuliza njia anapelekwa mpaka kwenye kilango chenyewe. Akauliza kama kuna njia ya mkato, nikampeleka ile ya shamba la mzee Idwal, inayoshuka mpaka kijitoni na kuvukwa kwa kukanyaga mawe. Akasema, "Wewe huipita?" Mimi nikiwa na mtu nisiyemjua hujibu lolote litakalomaliza mazungumzo, nikasema, "Ndiyo, nilikuwa nikiipita kwenda shule." "Hata wakati wa baridi?" "Mwaka mzima." Shangazi, sijawahi kuipita kwenda shule hata siku moja.

Baada ya wiki mbili barua zikaingia kila nyumba, kwamba kwa njia hiyo ya mkato umbali haufiki maili tatu, basi limeondolewa, na kwamba "mkazi mmoja amethibitisha njia hupitika mwaka mzima". Kijiji kizima kikaamua mkazi huyo ni mzee Idwal, kwa sababu basi liliwahi kukwangua ukuta wake akalalamika. Juzi aliingia dukani kununua mkate, jirani yetu Delyth akamwambia, "Idwal, ukuta wako umepona?" Akajibu, "Delyth, nimeshakwambia sikuongea na mtu." "Basi labda ni kondoo wako waliothibitisha." Watu wakacheka, mzee akatoka akauacha mkate juu ya kaunta, na mimi nikabaki natazama kaunta.

Mdogo wangu Mabli ana miaka kumi na moja, ndiyo kwanza ameanza sekondari, na mama huingia kazini saa moja asubuhi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, kwa hiyo ninawasindikiza mimi, Mabli na wenzake wanne, kwa njia hiyo hiyo, na mama ananiambia, "Heledd, sijui ningefanyaje bila wewe," mpaka natamani anitukane. Wiki iliyopita mvua ilifunika mawe, rafiki yake Mabli akateleza akaingia majini mpaka kiunoni, nikamvuta kwa mkoba wake. Novemba maji yatapanda zaidi. Tarehe kumi na mbili kamati ya halmashauri itasikiliza rufaa ya wazazi. Nikisema, kijiji kitanichukia, na nisiposema naogopa mtoto atachukuliwa na maji mbele yangu. Tafadhali ukiichapisha barua hii gazetini usitaje jina langu wala la mtu mwingine, na kwamba ni mimi ibaki siri yetu wawili.

*

Mwanangu,

Majina yote nimeyabadilisha, na jibu hili nimekutumia pia kwa posta leo usije ukasubiri gazeti.

Kumwonyesha mgeni njia si kosa. Hata ule uongo nauelewa, maana nami nilikuwa msichana wa kujibu "ndiyo" ili niachwe, na yule bwana wa halmashauri alipaswa kukwambia yeye ni nani na anapima nini. Ila mzee wa watu kutoka dukani bila mkate, na wewe unatazama kaunta, hilo sikusamehei kirahisi. Uongo uliusema mara moja. Kimya hiki unakirudia kila asubuhi.

Halafu, mawe yakifunikwa na maji, hamvuki. Mnarudi nyumbani na mnachelewa shule. Hilo halina mjadala.

Sasa nisikilize vizuri. Unadhani wewe ndiye uliyeiharibu rufaa, kumbe wewe ndiye shahidi wao mkubwa. Wazazi wanaweza kulalamika mpaka Krismasi kwamba njia ni mbaya, na kamati itawajibu kwamba mkazi mmoja alithibitisha. Mkazi huyo ni wewe. Neno lako hakuna mwingine anayeweza kulifuta. Tena tangu Septemba unaipita njia hiyo kweli, unajua ni siku gani mawe yalionekana na siku gani hayakuonekana. Piga picha za kijito kila asubuhi kuanzia kesho, uandike tarehe.

Kisha andika ukurasa mmoja tu. Sema uliulizwa na nani, ulijibu nini, kwamba haikuwa kweli, na yaliyompata yule mtoto. Tia sahihi kwa jina lako kamili. Kama sauti itakukauka mbele ya kamati, mwombe katibu akusomee, wanaruhusu.

Lakini kabla ya hapo mwambie mama yako, leo hii akirudi kutoka kazini, kabla hajavua koti. Atakasirika, kisha atatafuta kalamu akusaidie kuandika. Kesho yake nenda kwa yule mzee kwa miguu yako mwenyewe, usimtume mama, na usianze kwa kuzungumzia hali ya hewa. Anza na "samahani". Na yule jirani mwenye mdomo akija dukani, mwambie "ni mimi" mbele ya wateja. Maneno mawili yanatosha, mengine atayasambaza yeye.

Watakununia, nadhani wiki moja, labda mbili. Watoto watano wanavuka mto huo wakiwa wamekushika mkono wewe, na wazazi wao wanalijua hilo. Kuhusu basi siwezi kukuahidi, ingawa nimeona maamuzi ya halmashauri yakibadilishwa kwa ushahidi mdogo kuliko ulio nao. Namba ya simu ya katibu iko juu ya barua ile ile mliyoletewa. Ofisi hufunguliwa saa tatu asubuhi. Mpigie, muulize siku ya mwisho ya kupokea maelezo, na umtajie jina lako kabla hajaliuliza.