Majina Mawili Juu ya Barua

Karatu, Jumapili

Wifi yangu Lilian,

Habari za Morogoro? Huku sisi wazima. Mvua imenyesha, na baba kule Ngorongoro anasema ng'ombe wana maziwa.

Asante sana kwa kunielekeza kwenye simu siku ile. Nimehamia kwenye programu mpya ya barua pepe, na barua zote za zamani zimehamia pia, hata picha za harusi yenu. Sasa najua kupanga barua za wageni wa loji kwa rangi, na kuirudisha ile niliyoituma kwa pupa. Bosi anadhani nimesoma kozi!

Ila kuna kitu kimoja. Kwa kuwa zamani niliwaandikia nyinyi wawili pamoja, nikiandika jina lako programu inaleta na la kaka. Unajua sisi Wamasai aliyefariki hatumtaji jina. Tangu tulipomzika sijalitamka, hata mbele ya mama. Nafisa wa mapokezi alinionyesha pa kulifuta. Nilimshukuru, nikafunga kompyuta.

Kwa hiyo usishtuke ukiona barua hii imetumwa kwenu wawili. Mimi sijamtaja. Programu ndiyo imemtaja, nami nimeiacha.

Wifi yako akupendaye,
Soila