Mkwe na Mkwe Kwenye Kamba Moja

Mzee Shadrack,

Barua za watu huanza kwa kuuliza hali. Yako naijua, nilikuwepo wakikufukia. Yangu ni hii: nimechoka, nimekasirika, na mtu niliyemkasirikia ni wewe.

Miezi minne tu. Nasikia hata nyasi haijashika vizuri juu ya kaburi lako huko kijijini Emahondo, na tayari chama ulichoniachia kinanitoa jasho kwenye baridi ya Julai. Uliniachia filimbi, daftari la majina, na watu wa kwetu walioko Nairobi, nusu wanaishi Kibera na nusu Kawangware, kila mmoja na mdomo wake. Walinichagua mwenyekiti katika mkutano wa kwanza baada ya mazishi. Bwana Ezekieli, ambaye unajua hawezi kukaa kitini dakika tano, alisimama akasema, "Loise ako na mwandiko mzuri, na sisi wanaume tuko kazi." Watu wakapiga makofi. Nilitaka kukataa, lakini nilikuwa nalia, na mtu anayelia hawezi kupinga hoja.

Basi nikawa mwenyekiti. Mimi, fundi cherehani, niliyezaliwa hapa hapa Nairobi, niliyeiona Emahondo mara tatu, na moja ya hizo ni kukuzika.

Ulijua hayo yote. Tumefanya kazi miaka tisa kwenye baraza moja pale Kianda, Kibera, wewe na randa yako, mimi na cherehani yangu. Vumbi la mbao zako limeingia katika kila sketi ya shule niliyoshona. Nikilalamika ulikuwa unasema, "Nyamaza, wateja wako watanukia vizuri." Tuliongea kuhusu kila kitu chini ya jua. Miaka tisa, Mzee! Na jambo moja nililohitaji kujua hukulisema.

Sikatai kwamba chama ulikianzisha kwa sababu nzuri. Watu wetu walipoanza kuja mjini kwa wingi baada ya Uhuru hawakuijua baridi ya hapa. Walitoka kwenye joto, wakaingia kwenye vyumba vya mabati, na Julai ilipofika wakafunga mlango, wakaziba nyufa kwa matambara, wakaweka jiko la makaa katikati ya chumba. Wilson na mkewe walilala hivyo na hawakuamka. Wewe ndiye uliyewatengenezea majeneza. Baada ya hapo ukaweka mambo mawili. Kila Jumapili ya miezi ya baridi kuna mzunguko: mtu anapita chumba kwa chumba kuhakikisha jiko liko nje na hakuna anayeficha kikohozi. Halafu Jumamosi moja ya Julai kuna Siku ya Kutoka, ambapo kila mtu anakuja uwanjani, anakunywa uji wa wimbi, anaimba, anavuta kamba. "Baridi inaua mtu aliyejifungia," ulikuwa unasema. Mzunguko wa Kibera ulikuwa wako, na wa Kawangware ulikuwa wa Mama Zipora, yule mama mkubwa wa kule karibu na Satellite, ambaye akigonga mlango hata mwenye nyumba anafungua.

Sasa sikiliza yaliyotupata.

Tulianza kwa ugomvi wa uji, maana wa Kawangware wanautaka uchachuke siku mbili na wa Kibera wanasema huo ni uji wa wagonjwa. Hilo nililimaliza. Likaja la nyimbo, kwamba kwaya ya Kibera mwaka jana iliimba beti kumi na mbili wakati kila kwaya ilipewa nne. Nikalimaliza pia, ingawa Ezekieli alisimama mara sita. Ikabaki kamba.

Unaikumbuka orodha yako ya kamba? Kila mwaka uliniletea majina kwenye kipande cha karatasi ya msasa, upande wa nyuma, nani asimame wapi na nyuma ya nani, nami niliyanakili kwenye daftari. Haikuwa na maana yoyote. Mtu mfupi nyuma ya mrefu. Wenye nguvu watano upande mmoja. Ndugu wawili wanaopendana unawatenga mwisho na mwisho. Nilikuuliza zaidi ya mara moja, "Mzee, hii orodha ina mpango gani?" Ukacheka na kunipulizia vumbi la mbao. "Wewe andika tu."

Wewe andika tu!

Mwaka huu nikasema, safari hii mambo yatakwenda kwa haki. Watu walalamike kuhusu mengine, lakini si kuhusu upendeleo. Nikachukua daftari, nikawapanga kwa alfabeti, nusu ya kwanza upande mmoja wa kamba na nusu ya mwisho upande mwingine. Nilijisifu, nakwambia. Nilichora hata mistari kwa rula.

Siku yenyewe ilikuwa ya ukungu na manyunyu, uwanja umekuwa tope. Nikasoma majina. Abeli, Benta, Dorka, wanakuja, wanashika. Nilipofika mwisho nikaita Wycliffe, nikaita Zipora. Hakuna jina kati yao. Wycliffe wetu, yule mpaka rangi, akaja hadi karibu na kamba akasimama. Hakuishika. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Dada, hapa mimi siwezi simama." Nikamwuliza kwa nini. Akasogea pembeni. Mama Zipora naye alikuwa amejizungusha mwisho wa kamba kiunoni, kama kawaida yake, lakini uso ameugeuzia barabara ya Ngong utadhani anangoja basi. Mimi nikaona ni ule uvivu wa vijana. Nikapuliza filimbi nikasema mbele ya watu wote, "Wycliffe, kwa chama hakuna mkubwa! Shika kamba!"

Akashika. Mungu anisamehe, akashika, kwa sababu mwenyekiti amesema.

Walivuta vizuri sana. Wale wa upande wa pili miguu ikawateleza, wakaachia wote kwa pamoja, na huku kwa akina Wycliffe mstari mzima ukaanguka kinyumenyume. Nilipofuta macho nikamwona Wycliffe amekaa mapajani mwa Mama Zipora ndani ya tope, kama mtoto anayelishwa.

Nilicheka. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Nilicheka peke yangu uwanja mzima.

Wanawake walijifunika nyuso kwa leso. Wycliffe aliruka akakimbia, kiatu kimoja kikabaki kwenye tope. Mama Zipora akainuka polepole, akafunga kitambaa chake upya, akaelekea Kawangware bila kumwangalia mtu. Wanawake wote wa Kawangware wakamfuata, na sufuria ya uji wakaibeba. Ndipo Ezekieli akanijia, kidole hewani. "Huyo ni mama mkwe wake! Hata mkono hawasalimianangi! Hii chama sasa inaongozwa na ABC!"

Ningejuaje, Mzee? Mke wa Wycliffe yuko nyumbani analima, sijawahi kumwona. Mama Zipora sijawahi kumsikia akitaja jina la Wycliffe, na sasa ndiyo najua kwa nini. Na Wycliffe naye angenielezaje, wakati mwenyewe amesimama hatua mbili kutoka kwake na mdomo wake hauruhusiwi? Kila mtu uwanjani alijua isipokuwa mwenye filimbi. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimelala usingizi mzuri, nikiamini nimekushinda kwa mpango.

Wangenitukana yakaisha ningeshukuru. Lakini Mama Zipora alijifungia kwake, mzunguko wa Kawangware ukasimama. Jumapili ya kwanza hakuna aliyepita. Ya pili pia. Nilijaribu kwenda mwenyewe na milango haikufunguliwa, maana mimi ndiye niliyemvua nguo mama wa watu. Jumatatu iliyofuata asubuhi, mvua ikinyesha, majirani walimtoa Dorka na mtoto wake mchanga chumbani wakiwa wamelegea. Jiko lilikuwa ndani. Walilazwa kibarazani hewani mpaka mtoto akalia. Wamepona, wote wawili. Lakini nilipoambiwa niliona majeneza ya Wilson na mkewe yakiwa yamesimamishwa ukutani pale barazani, na sikuweza kushona hadi jioni.

Nikatembea hadi Kawangware kwa miguu. Sikuwa na hotuba. Nilikuwa na daftari langu kwapani, na blanketi ambalo Wycliffe alikuwa amelileta kwangu, jipya, la kumwomba mama mkwe radhi, akaniomba nilipeleke kwa kuwa yeye hawezi. Safari hii Mama Zipora alifungua, akanikalisha kitini akaendelea kuchambua maharagwe. Nikampa blanketi, nikamweleza linatoka kwa nani. Nikamwambia nimekosa. Nikamwambia pia kwamba wewe ungenifundisha ningejua, lakini wewe ulikuwa mtu wa kuweka mambo yote kichwani ukaenda nayo.

Akaacha maharagwe. "Kichwa gani? Shadrack alikuwa hajui kitu. Alikuwa anakuja kuuliza."

Kumbe! Zile siku za Juni ulizoacha kazi ukaniambia unakwenda "kusalimia watu", mimi nikibaki kuwadanganya wateja wako kwamba meza zao zinakauka rangi, kumbe ulikuwa unazunguka kwa wamama, kikombe hapa kikombe pale, unauliza. Nani ameoa kwa nani mwaka huu. Nani ameachana. Nani hawezi kushika kitu kimoja na nani. Haikuwa siri ya ubongo wako mkubwa. Ungeniambia maneno mawili tu: nenda uulize. Maneno mawili yangekushinda nini?

Nilifungua daftari niandike. Mama Zipora akaniwekea mkono juu ya ukurasa. "Funga hiyo kitabu. Hii mambo haiandikwi. Ukiandika, kesho mtu atasoma." Akaanza kusema, nami nikasikiliza, na nikaelewa. Ndani ya koo zetu mna watoto wasiojua baba zao, mna wake waliorudishwa, mna ndugu walioapishana. Hakuna daftari la chama linaloweza kubeba hayo bila kuua mtu. Hapo kidogo nikakusamehe.

Halafu akaniharibia msamaha. Alimaliza ukoo wa mwisho, akainua macho, akasema, "Na wewe upande wa mama yako, si unajua Shadrack ni mjomba wako?"

Nilidhani sijasikia vizuri. Akarudia. Mama yangu, ambaye alikufa sijaota meno ya pili, na ambaye Baba hakuwahi kutuambia kwao ni wapi, alikuwa wa nyumba yenu. Dada yako wa baba mmoja. Baba alimtorosha akaja naye mjini bila kwenda kwenu kuomba, na nyinyi ndugu zake mkaapa kutokanyaga kwake wala kuwajua watoto wake. Mama Zipora aliyasema yote haya huku akiosha maharagwe, kama mtu anayetaja bei ya nyanya. Alidhani najua. Kila mtu alidhani umeniambia.

Uliapa hutanijua, halafu ukabeba benchi lako kutoka upande wa pili wa Kibera ukaja kuliweka barazani kwangu, ukasema kazi yako inataka mwangaza. Ukala chakula changu. Siku nilipougua ukakaa mlangoni ukisugua ubao uleule tangu asubuhi. Na mimi nikiwaambia watu, huyu mzee ni jirani yangu tu, hana watu wake karibu, ndiyo maana ananisumbua.

Nilikulilia kama jirani. Kwenye mazishi yako nilisimama nyuma na wageni, nikapewa chakula cha wageni. Nafasi yangu ilikuwa mbele, Mzee. Ilikuwa pale mbele na hukunionyesha. Siwezi kukuzika mara ya pili ili nisimame pale. Hilo ndilo ulilonikosea, si kamba. Ya kamba yamekwisha. Jumapili iliyopita Mama Zipora alitoka na blanketi jipya mabegani, akagonga kila mlango wa Kawangware, na akamkaripia Dorka hadi mtoto akaamka. Siku ya Kutoka tutairudia Jumamosi ya mwisho ya Agosti. Nimezunguka wiki nzima nikinywa chai za watu, orodha ninayo kichwani, na Ezekieli anasema haina mpango.

Naomba nimalize, macho yananisumbua na karatasi imelowa.

Kwaheri, Mjomba. Tazama, neno hilo nimeliandika. Ninakuahidi jambo moja, na silifanyi kwa ajili ya chama. Nikiwa ndugu wa mtu, nitamwambia siku hiyohiyo, angali hai na mimi ningali hai, hata kama niliapa. Sitamwacha asimame nyuma na wageni.

Mpwa wako,
Loise