Muhuri Uliouacha Kwenye Droo Yangu

Sendai, 12 Novemba

Kwako Kiyoharu,

Baridi imeanza kuuma. Natumaini baba yako anatembea sasa, na kwamba upepo haukuangusha matufaha yenu. Tanuri la maabara liligoma tena juzi. Nililipiga teke pale pale ulipozoea kulipiga wewe, likawaka.

Hataza, ile hati ya uvumbuzi wetu, imetoka. Lile bamba letu linalogeuza joto la birika kuwa umeme lina namba yake serikalini, na majina yetu yamefuatana, lako kisha langu. Profesa Onodera alisoma, akanitazama juu ya miwani. "Haya Chizuru, mmeshaandikishwa pamoja. Imebaki sherehe tu." Watu wakacheka, nami nikacheka.

Imebaki karatasi moja. Kuna kampuni inataka kuyatengeneza mabamba hayo, na chuo kinataka kila mvumbuzi agonge muhuri wake wa jina badala ya sahihi. Profesa anadhani nilikutumia tangu mwezi uliopita. Kila asubuhi ananiuliza, "Huyo mkulima wako bado hajajibu?" Namwambia posta ya huko kwenu inachelewa.

Ukweli ni kwamba siku ulipoondoka kurudi shambani kwenu ulisahau muhuri wako kwenye droo yangu, chini ya glavu. Mwaka wa tatu huu uko hapo hapo. Ningeweza kuugonga mwenyewe na asijue mtu. Lakini karatasi hii ikishapata mihuri yote, sitakuwa na sababu nyingine ya kukuandikia.

Kwa hiyo siugongi, wala siutumi. Njoo uugonge mwenyewe.

Mimi, mlinzi wa droo,
Chizuru