Nguzo za Amur zilizoota majani

Asya wee, leo mkutanoni wamemsifu Amur, mnunuzi wa nguzo za simu wa Wajerumani! Amur!

Si ndiye aliyenunua miti mibichi ya mivumu iwe nguzo? Bibi Khamisa wa Magara akamwambia, "Bwana Amur, miti hii iko hai. Sisi tunaichomeka kuwa ua wa nyumba, inaota." Akamcheka: "Mama, nanunua nguzo, sinunui shamba."

Mvua ikanyesha. Nguzo zikaota majani. NGUZO, Asya!

Mjerumani akainua kiboko. Amur akalia, "Watu wa Magara wameziroga!" Wakachapwa wao, akiwamo mume wa Khamisa.

Khamisa akachomeka tawi la muvumu mlangoni kwa Amur. "Likiota, uje utuombe radhi."

Likaota. Amur akahamia Ujiji.